Raia ana la kuwaambia Zimamoto?

Umeuliza raia wa kawaida ana lipi la kuwaambia Zimamoto. Analo, ndugu yangu, tena kubwa. Hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, gari la zimamoto haliingii kila kichochoro. Mwenyeji ndiye anayejua wapi njia inabana, kisima kipi bado kina maji, na ghorofa gani analala bibi asiyeweza kushuka ngazi. Nyumba zetu kuta ni mawe na chokaa, lakini dari nyingi zimebebwa na boriti za miti. Zikiungua, sakafu inashuka yote. Kikosi kiyajue hayo mapema, si usiku wa moto! Nendeni kwa sheha wenu, kiongozi wa mtaa, mwombeni awaite maafisa mtembee nao mtaani, kwa miguu. Na namba ya dharura ya Zimamoto, 114, iandikeni nyuma ya mlango, watoto waione.