Selimundu: mtoto huambukizwa, hurithishwa au hurithi?

Swali: Kliniki yetu hapa Kisumu inaandaa bango la wazazi kuhusu selimundu, ugonjwa wa damu. Rasimu inasema, "Mtoto huambukizwa selimundu na wazazi wote wawili." Mwenzangu anataka "hurithishwa", mimi nataka "hurithi". Lipi sahihi? Na je, tuseme "tabia za kurithi" au "sifa za kurithi"? (Muuguzi, Kisumu)

Jibu: "Huambukizwa" lifutwe leo hii. Ugonjwa wa kuambukiza hutoka kwa anayeuugua ukamwingia mwingine, kwa hewa, mate, damu au mguso. Mzazi akilisoma neno hilo atamtengea mtoto kikombe na kijiko, na majirani watawakataza wanao kucheza naye.

Hayo mawili mengine yote yako sawa kisarufi. Lakini "hurithishwa" lina mtendaji ndani yake: yupo aliyerithisha, kama mzee anavyomrithisha mwanawe shamba kwa hiari. Mama akisoma "hurithishwa na wazazi" atasikia lawama. Chukueni "-rithi".

Hata hivyo, kasoro kubwa ya sentensi yenu haiko kwenye kitenzi, iko kwenye kitu kinachorithiwa. Neno "kurithi" limezoea mali. Mzee akifa shamba linahamia kwa mrithi, na hakuna anayerithi shamba ambalo mzazi hakuwa nalo. Kwa hiyo mkiandika "mtoto amerithi ugonjwa", mtaulizwa papo hapo: ameurithi kwa nani, na sisi wawili ni wazima? Wana haki ya kuuliza. Kinachorithiwa ni jeni, yaani maelekezo ya mwili ambayo mtoto huyapata kwa wazazi. Mtoto hupata nakala moja ya jeni hii kwa mama na moja kwa baba, na wazazi hubaki na zao. Mwenye nakala moja ya selimundu na moja ya kawaida kwa kawaida haumwi. Mwenye nakala mbili za selimundu ndiye ambaye seli zake nyekundu za damu hupinda kama mundu wa kuvunia, zikakwama kwenye mishipa myembamba na kuleta maumivu makali. Nakala ile moja hata humkinga mtu dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilichapisha mwaka 1954. Ndiyo sababu jeni hii imeenea zaidi kandokando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu zenye baridi.

Sasa tazameni ile "hu-". Kiambishi hiki hueleza jambo la kawaida, la siku zote: jua huchomoza mashariki. "Mtoto hurithi" humwambia mzazi kwamba kila mtoto wake atapata. Andikeni "anaweza kurithi".

Jihadharini pia na "mtoto mmoja kati ya wanne". Wazazi huihesabu kama zamu: wa kwanza ameugua, basi watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Wazazi wote wawili wakiwa na nakala moja moja, hesabu huanza upya kila mimba: robo kwamba mtoto atapata jeni mbili za selimundu, nusu kwamba atapata moja, robo kwamba hatapata hata moja. Neno la kushika hapo ni "kila mimba".

Kuhusu "tabia" na "sifa", semeni "sifa". Tabia ni mwenendo, na mwenendo mwingi mtoto huuokota nyumbani; wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina, yaani akiwa mgongoni anajifunza kwa kumtazama mama. Kundi la damu ni sifa ya kurithi. Urefu nao ni sifa ya kurithi, ila lishe huuongeza au kuupunguza.

Jambo dogo la mwisho: "jeni" haichukui "ma-". Ni jeni moja, jeni mbili, wala si "majeni". "Kinasaba, vinasaba" pia ni neno zuri, limetokana na nasaba. "Chembe za urithi" ningeliepuka kwenye bango hili, maana msomaji atadhani ni zile chembe za damu.

Bango lisomeke hivi:

"Selimundu haiambukizi. Baba na mama wanaweza kuwa wazima huku kila mmoja akibeba jeni moja ya selimundu. Wakiwa hivyo, katika kila mimba kuna uwezekano wa robo (25 kwa 100) kwamba mtoto atarithi jeni mbili na kuugua. Pimeni damu kabla ya kupata mtoto."