Usimfuate Shujaa, Mfuate Anayemwandika

Tangu filamu ya Black Panther itoke mwaka 2018, watu wanaotaka kuanza kusoma komiki huniuliza swali lile lile: nianzie wapi? Wengine huja na orodha kabisa ya mtandaoni, toleo la kwanza hadi la mwisho, kama mtaala wa shule. Itupe orodha hiyo. Wahusika wa Marvel na DC, kampuni mbili kubwa za komiki za Marekani, ni mali ya kampuni. Mwandishi anakuja, anaondoka, mwingine anakabidhiwa mhusika yule yule na hadithi inageuka hata usiitambue. Kwa hiyo usiulize komiki za T'Challa, mfalme wa Wakanda ambaye ndiye Black Panther, zipi ni nzuri. Uliza nani aliandika na nani alichora.

Mchukue T'Challa huyo huyo. Don McGregor alipomwandika katika jarida la Jungle Action mwaka 1973, alimrudisha mfalme nyumbani Wakanda na kumletea adui, Killmonger. Masimulizi yake yamejaa maneno mpaka yanabana picha, lakini mfalme wake anaumia kwelikweli, anapigwa, anachanika, anainuka kwa taabu. Mwaka 1998 akaja Christopher Priest na kufanya jambo ambalo wengi wangeliona wazimu: msimulizi ni Everett Ross, afisa wa serikali ya Marekani, mzungu mwenye mdomo, anayeanzia katikati, anarudi nyuma, anaruka mbele, anachanganya mambo. Anachowaza T'Challa huelezwi, na hapo ndipo anapotisha, maana unamwona kama wanavyomwona wanaomwogopa. Dora Milaje, wale walinzi wa kike wa mfalme, walizaliwa humo. Shuri, dada yake T'Challa, alikuwa bado, yeye aliletwa na Reginald Hudlin na mchoraji John Romita Jr. mwaka 2005. Halafu 2016 kazi ikaenda kwa Ta-Nehisi Coates, mwandishi wa habari na insha, naye akauliza kwa nini nchi yenye wasomi na mitambo kiasi kile bado inatawaliwa na mfalme. Mwendo wake ni wa taratibu, na kuna kurasa zinazosomeka kama mhadhara. Mimi namweka Priest mbele ya wote, tena mbali. Rafiki yangu mmoja mpenda siasa, kwake Coates ndiye wa kwanza, huwezi kumwambia kitu.

Hilo la mhusika kupita mikononi mwa wengi kwetu si geni. Waliokua wakisoma Sani, jarida la katuni la Tanzania, wanamjua Ndumilakuwili, wanamjua Lodi Lofa. Mchoraji wao, Philip Ndunguru, alifariki angali kijana, na wahusika wake wakaendelea kuchorwa na wengine. Wangapi kati yetu tulijua jina la Lodi Lofa tusijue la aliyemchora?

Ukishazoea kutafuta majina ya wachoraji na waandishi, mambo mengi yanayowakera wageni hayatakusumbua. Vifo, kwa mfano. Sisi wa banda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video, tulifundishwa kwamba steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Kwenye komiki steringi anakufa, anazikwa kwa heshima zote, kisha anafufuka biashara ikihitaji. Superman aliuawa mwishoni mwa 1992, watu wakapanga foleni madukani kununua msiba, na mwaka uliofuata alikuwa hai. Usinunue toleo kwa sababu ya kifo. Nunua kama mwandishi wake amewahi kukufurahisha.

Wala usinunue ukidhani unaweka akiba. X-Men namba 1 ya mwaka 1991 iliagizwa na maduka zaidi ya nakala milioni 8, ikiwa na majalada tofauti matano, na wapo waliobeba yote wakisubiri utajiri. Kitu kilichomo kabatini kwa kila mtu hakipandi bei. Marvel yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Desemba 1996. Na kama unaishi pwani kama mimi, pini zitashika kutu na karatasi itajikunja hata ukiifunga ndani ya nailoni. Tafuta juzuu iliyokusanya matoleo matano au sita, maana toleo moja la kurasa ishirini hivi unalimaliza chai haijapoa. Ukiweza kusoma kwenye simu, soma, ingawa kurasa mbili zilizochorwa kama picha moja zinaonewa sana na kioo kidogo.

Kuhusu mashabiki wenzangu sina mengi. Wanaojivika mavazi ya wahusika wawaacheni wafurahi, kazi ya kushona vile vitu si mchezo. Wanaonichosha ni waliojipa ubawabu. Ukivaa fulana ya Panther wanakutahini papo hapo, na wasichana ndio wanaotahiniwa zaidi, ushamba mtupu. Akikuuliza T'Challa alitokea wapi kwa mara ya kwanza, mjibu: Fantastic Four namba 52, Julai 1966. Kisha mwulize yeye nani alilichora toleo hilo. Akisema Stan Lee, mwambie Lee aliandika, penseli ilikuwa ya Jack Kirby.