Uliza Bibi wa Maktaba: Vitabu vya makungwi viko wapi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nasoma chuo Unguja, kwetu Wete, Pemba. Utafiti wangu ni juu ya makungwi na mafunzo ya mwari. Maktaba nimeulizia vitabu vya anthropolojia nikaambiwa hakuna. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Wete

JIBU: Marahaba mwanangu. Vitabu vyako havikai pamoja, ndiyo maana. Maktaba ikiwa inapanga kwa namba za Dewey, zile za kupanga vitabu kwa mada, anzia 392: mila za kuzaliwa, kubaleghe na ndoa. Kisha 306, utamaduni, halafu 967.81, Zanzibar yenyewe. Hapo usikimbilie kuazima. Fungua faharasa, kurasa za nyuma kabisa, utafute kungwi, somo (ndiye kungwi kwa jina jingine), unyago, mwari. Kitabu cha historia chaweza kukupa kurasa mbili za maana ambazo jalada lake halikukudokezea. Ukimpata mwanaanthropolojia John Middleton, kitabu chake cha 1992 juu ya Waswahili, nakili orodha yake ya marejeo. Hiyo peke yake ni kazi ya wiki nzima.

Kwenye kompyuta usiandike Pemba tupu. Utaletewa mji wa Msumbiji, ule uliokuwa Porto Amélia. Ongeza Zanzibar au Wete.

Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, nako uende, ila majalada ya wakati wa Waingereza yasome kwa tahadhari. Wengi walioandika ni maofisa wanaume, na chumba cha mwari mwanamume haingii. Kila ukinukuu, jiulize huyu kaambiwa na nani. Yasiyokuwemo humo, mwanangu, kawaulize makungwi wenyewe wangali hai, na kwa idhini yao.