Nilijaribu kuishi kwa Tekken, yaliyonikuta ni haya

Mkuu, umesema mdogo wako ana miaka 17, hataki kusikia habari za kidato cha tano, anataka kuishi kwa gemu, na ukimsema anakuwekea video ya Bugha, yule dogo wa Marekani aliyebeba dola milioni 3 za mashindano ya gemu la Fortnite pale New York mwaka 2019 akiwa na miaka 16. Hajakudanganya, ni kweli. Ila mwaka huohuo mimi ndiye nilikuwa mdogo wako, nina miaka 19, kwa hiyo ngoja nikusimulie.

Nilikuwa nacheza Tekken 7, gemu la kupigana mmoja kwa mmoja, kwenye banda moja la gemu Magomeni. Mechi shilingi mia tano, anayepigwa anaachia pedi ya kuchezea. Pedi ya kulia kitufe cha X, ambacho ni teke la kushoto, kilikuwa kimezama. Ukikibonyeza hakirudi mpaka ukidonoe kwa ukucha. Wenyeji tulishajifunza kupigana bila hilo teke, mgeni akija ndiyo tunampa hiyo. (Ushenzi, najua.) Ikafika mahali nakaa kwenye kiti tangu saa nane mchana mpaka banda linafungwa, hakuna wa kunitoa. Nikajiona nimefika.

Nikanunua PS4 ya mtumba nianze kucheza na Wazungu mtandaoni. Sasa sikia. Tekken inakwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, na ngumi nyepesi kabisa inafika kwa fremu 10. Mimi na jamaa wa Ulaya katikati yetu mtandao ulikuwa unachelewa milisekunde kama 150, ambazo ni fremu 9. Unabonyeza kujikinga, kinga inatoka umeshalambwa. Kibaya zaidi unazoea kubahatisha, unaacha kutazama mkono wa mwenzako. Nilivyorudi bandani nilipigwa na watoto wa darasa la saba. Na bando lilikuwa linakula hela kuliko tumbo.

Mashindano ya hapa Dar nilishika nafasi ya pili. Zawadi iliyotangazwa laki tatu, nikapewa laki moja na fulana, iliyobaki "wiki ijayo". Fulana ninayo mpaka leo, navaa nikifua.

Aliyenifungua macho ni Arslan Ash, mchezaji wa Tekken wa Pakistan. Mwaka huohuo 2019 alichukua EVO Japan, moja ya mashindano makubwa ya magemu ya kupigana, mwezi Februari, halafu Agosti akachukua EVO ya Las Vegas kwa kumpiga Knee wa Korea kwenye fainali. Watu wakaulizana huyu katokea wapi. Katokea Lahore, kwenye mabanda, wakipigana bega kwa bega. Akasema kwao wako wengine wakali kama yeye, wengi wakaona ni maneno tu. Februari 2023 Mpakistani mwingine, Atif Butt, akabeba fainali za Tekken World Tour pale Amsterdam.

Kwa hiyo usimuulize mdogo wako amemfunga nani. Muulize ni wangapi wanaomfunga yeye kila wiki, ana kwa ana. Akikwambia hakuna, basi hana wa kumnoa, hata kama mtaa mzima unamwita bingwa. Hapo ndipo mimi nilipokwama, na nilichelewa kujua.

Hiyo ya kuacha shule wala isikuumize kichwa. Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejiita QueenArrow, alisajiliwa na timu ya XiT Gaming mwaka 2018 kucheza Tekken huku anasoma sheria. Mwonyeshe na video ya huyo.

Halafu mkatie pasipoti. Visa za mbali zimekwamisha wachezaji wengi wa nchi zetu, lakini Nairobi Mtanzania haombi visa, ni nauli ya basi tu na kulala mpakani Namanga foleni ikiwa ndefu. Aende akapigwe na watu asiowajua. Mimi nilikwenda nikiwa na miaka 23, nikatolewa raundi ya pili na dogo mwenye begi la shule mgongoni. Hakulivua hata mechi ilipoanza.