Kabla hujalipa minervali (karo) ya uuguzi, kalale hospitalini usiku mmoja

Kijana mmoja wa Bagira, hapa Bukavu, ameniandikia kwenye WhatsApp wiki hii. Diploma ya serikali, ya kumaliza sekondari, anayo mkononi, na nyumbani wameshamkatia shauri. Nanukuu alivyoandika, tahajia tu ndiyo nimenyoosha: “Yaya, jambo sana. Baba anasema niingie uuguzi kwa kuwa wagonjwa hawaishi, sitakosa kazi, na yuko tayari kuuza kiwanja anilipie. Mimi nina huruma sana lakini naogopa damu. Niende? Na je, nikishakuwa muuguzi naweza kuendelea nikawa daktari?”

Maswali ya namna hii nayapata mengi tangu niwekwe titulari, yaani muuguzi mkuu, wa kituo cha afya. Zamani hakuna aliyeniuliza kitu. Baba yangu mdogo, aliyezoea kusema mbele ya watu kwamba muuguzi ni daktari aliyeshindwa masomo, siku hizi akipata wageni ananiita nije nisalimie: “Huyu ndiye dokta wetu.” Simsahihishi. Nilimngoja miaka.

Sasa, mdogo wangu, tuanze na damu maana hiyo ndiyo nyepesi. Damu inazoeleka. Karibu sote tuliosoma pamoja tuliiogopa. Mmoja wetu alianguka kwenye chumba cha upasuaji akatolewa nje na wauguzi wanaocheka, na leo yeye ndiye anayefundisha wengine kushona vidonda. Harufu zinazoeleka, matapishi yanazoeleka, hata kumwosha marehemu utajifunza na mikono haitatetemeka. Kisichozoeleka ni fakture, ile hesabu ya kulipa hospitali.

Baba yako anasema wagonjwa hawaishi. Kweli kabisa. Wanaoisha ni wenye kulipa.

Baba yangu mimi alisema maneno hayohayo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Kadutu, amechoka kungoja mshahara, akaapa kwamba mtoto wake hatashika chaki. Nikaingia ITM, sekondari ya uuguzi, ningali mtoto. Miaka ya shule naipita: tulitandika vitanda mpaka kona zikawa kali, tukakariri mifupa, tukafanya jury, ndiyo mtihani wa mwisho, nikatoka A2, muuguzi wa ngazi ya sekondari. Baadaye nikarudi kusomea A1, ngazi ya shule ya juu, huku nikifanya gardi, yaani zamu, za usiku. Hiyo nayo naipita, nikianza kuisimulia nitakesha.

Lakini hakuna mwalimu aliyetuchorea ubaoni jinsi muuguzi wa Kongo anavyopata pesa yake, basi nakuchorea mimi. Serikali inamlipa mwenye matrikule, namba ya mtumishi wa serikali, na si kila mwenye matrikule anayepata mshahara. Wengine wanapata primu (posho) ya hatari peke yake, wengine hata hiyo wanaisikia redioni. Wapya wanangoja jina lao litoke kwenye orodha, na wapo wanaongoja mpaka mvi zinaota. Kinachokulisha hasa ni primu ya palepale unapofanya kazi. Pesa walizolipa wagonjwa mwezi mzima zinakusanywa, zinatolewa za dawa, za karatasi, za mafuta ya jenereta, zinazobaki mnagawana kwa cheo. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipochukua mji na benki zikafunga, hata mwenye mshahara wa serikali anaufuata kwa njia za kuzunguka. Basi mwisho wa mwezi mmekaa mezani, mhasibu anasoma hesabu, na mtu mmoja anasema, “Mwezi huu malaria imekuja vizuri.” Hakuna anayeshtuka. Wewe utashtuka mara ya kwanza tu.

Kazi yangu ya kwanza ya kudumu niliipata katika maternite, wodi ya wazazi, ya hospitali moja, jina nalihifadhi. Kwa nyuma kulikuwa na chumba ambacho madirisha yake yanatazama ukuta. Humo walilala akina mama waliojifungua kwa operesheni, wamepona, ila fakture haijaisha. Mgonjwa kushikwa hospitalini mpaka alipe si habari mpya kwa mtu wa Bukavu; uliza shangazi zako. Kuwahesabu ilikuwa kazi ya muuguzi wa gardi. Jioni unahesabu, asubuhi unahesabu, unaandika kwenye rejista, unamkabidhi anayekupokea: wagonjwa wangapi, vichanga wangapi, wasio na risiti wangapi. Akitoroka mmoja, deni lake linakatwa kwenye primu zenu. Ndivyo unavyofanywa mlinzi wa lango, na hata fimbo hupewi.

Mmoja wao alikuwa muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Mshono umekauka, nyuzi nilimtoa kwa mkono wangu, na mtoto wake alikuwa ameshaanza kucheka na watu. Kila jioni nikiingia na rejista anakunja miguu ili nipite, ananitazama. Siku moja akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mwanangu, hata mbuzi wa sokoni hawahesabiwi mara mbili kwa siku.” Wenzake wakacheka. Nikaandika hesabu yangu nikatoka.

Mama yule nilimtafutia sabuni. Nilimgawia bugali wangu. Nilikwenda kwa mhasibu kumwombea apunguziwe, nikajibiwa kwamba kama nina moyo hivyo nimlipie. Mwishowe watu wa kanisa lake walichanga, akatoka. Miezi ikapita, nikamkuta soko la Kadutu na beseni lake mbele, nikamsalimu kwa furaha ya kweli. Alinitazama, akaendelea kumpimia mteja wake. Sikununua sambaza siku ile, na mpaka leo nikifika pale napitia upande wa pili. Utasema labda hakunitambua. Alinitambua.

Ndiyo maana ukiniambia una huruma sana, sichangamki. Shule za uuguzi zimejaa wenye huruma. Nataka kujua huruma yako itakwenda wapi siku mgonjwa anapokuchukia kwa jambo ambalo hukuliamua wewe. Nimeona wasichana wapole kuliko mimi wakigeuka watu wa kuwapigia kelele wazazi waliolala na uchungu. Walitoa kila kitu mwaka wa kwanza, wa pili wakawa hawana cha kutoa. Na ukimsikia mtu mwenye ofisi na gari anahubiri kwamba uuguzi ni wito, shika mfuko wako, anataka ufanye kazi bure. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba aliyekuita ni baba yako, na baba yako hana ubaya, anatafuta mwanawe ale.

Mbona basi mimi sijaacha? Aisifuye mvua imemnyea, na mimi nimelowa vya kutosha.

Huku kwetu muuguzi si mtu wa kupokea amri tu. Nchi imegawanywa zone za afya 519, kila zone kwa mpango iwe na hospitali yake jenerali na daktari mkuu wake. Chini ya hapo ni vituo vya afya, na kituoni anayepima, anayeandika dawa, anayeamua huyu abaki na huyu apelekwe, ni muuguzi. Tuna ordinogramu ukutani: ukiona dalili hii uliza hili, tazama hili, fanya hili. Daktari anaweza kuwa ng'ambo ya mlima na barabara imekatika. Watu wanatuita dokta, na nisamehewe majivuno, hawakosei sana.

Majuzi usiku wa manane waliniletea mtoto kwenye pikipiki, amefungwa mgongoni mwa mama kwa kitenge kilicholowa. Degedege, viganja vyeupe, macho yamegeuka. Tukamlaza ubavu, tukampima sukari, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria. Sasa tazama kazi yenyewe ilivyo. Artesunate, dawa ya malaria kali, inakuja ikiwa unga ndani ya kichupa, miligramu 60. Unatia mililita 1 ya bikaboneti, unatikisa, inakuwa na ukungu. Hapo huruhusiwi kuendelea mpaka ukungu uishe kabisa, na unachukua dakika mbili, tatu. Mama analia, “Dokta, mchome! Mchome basi!” Baba anapiga ngumi ukutani. Wewe umesimama chini ya taa ya sola unatikisa kichupa. Dawa ikishakuwa safi unaongeza mililita 5 za serumu ya chumvi, na sasa kila mililita ina miligramu 10. Mtoto ana kilo 12. Aliye chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo, hiyo ni 36, kwa hiyo mililita 3.6, mshipani, polepole. Kisha barua ya kumpeleka hospitali aongezewe damu, na motari, mwenye pikipiki, aliyewaleta alikuwa bado yuko mlangoni, hakuwa amedai hata franka.

Mtoto yu mzima. Lakini kama angekufa, kazi ingekuwa ileile na ningeifanya vilevile. Zile dakika za kutikisa kichupa ndizo uuguzi. Anayeweza kusimama pale bila kuharakisha na bila kumtukana mama wa watu, aje, tunamhitaji. Asiyeweza, hata awe na huruma ya malaika, ataua mtu siku moja na hakuna atakayejua.

Kwa hiyo, ushauri wangu. Kalale hospitalini usiku mmoja kabla kiwanja hakijauzwa. Si vigumu: kwetu kila mgonjwa ana ndugu wa kumlinda, na ndugu huyo amechoka. Mtafute jirani aliyelazwa, sema leo nitalala mimi. Usiende mchana. Mchana kuna daktari, kuna wanafunzi, kuna makoti yaliyopigwa pasi, utadanganyika. Nenda usiku, ukae macho kuanzia saa nane mpaka saa kumi, umtazame muuguzi aliye peke yake na wodi nzima. Mtazame anavyoitwa. Mtazame anapoitwa mara ya tano na mgonjwa yuleyule kwa jambo lilelile. Ukijikuta unanyanyuka kumshikia taa, hiyo ni alama. Ukijikuta unamwonea huruma na kumshukuru Mungu si wewe, hiyo nayo ni alama, na haina aibu yoyote.

Hesabu. Vijana mnakimbia hesabu mnakuja uuguzi mkidhani ni kazi ya moyo. Serumu (dripu) ya lita 1 kwa saa 8, kwa mrija wa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 hivi kwa dakika. Kama mstari huo umekuchosha kuusoma, fikiria upya.

Chanjo ya homa ya ini aina B ianze kabla ya staji, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, si baada ya kujichoma sindano. Ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita, kwa hiyo usingoje. Na usidhani hatari zetu ni hadithi za zamani. Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua watu karibu 2,300 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na Agosti 2019 ilifika Mwenga, hapa kwetu Kivu ya Kusini. Aina mpya ya mpox iliyotisha dunia mwaka 2024 ilionekana kwanza Kamituga, hukuhuku kwetu. Kila ugonjwa wa namna hiyo, mtu wa kwanza kumgusa mgonjwa kabla haujajulikana jina lake ni muuguzi, mara nyingi wa A2, mara nyingi na glavu za kuhesabu.

Shule ziko nyingi, nyingine zimefunguliwa juzi kwenye nyumba ya kupanga. Wewe una diploma, kwa hiyo nenda moja kwa moja shule ya juu, usirudi nyuma. Mfumo mpya wa digrii, LMD, umebadilisha majina na miaka, uliza sekretariati wakuonyeshe kwa maandishi utatoka na cheti gani. Uliza pia staji mnafanyia wapi. Shule isiyo na hospitali ya staji inauza makaratasi. Halafu ukimaliza kuna Oda ya Wauguzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Bila kuandikishwa huko, usijitangaze. Na tena: usiku, si mchana.

Kuhusu udaktari. Inawezekana, lakini kwa kawaida utaanza mwaka wa kwanza pamoja na watoto waliotoka shule jana, miaka ya uuguzi haikatwi. Nawajua waliofanya hivyo, ni madaktari wazuri, wanajua kutia kateta bila kuita mtu. Wote walikuwa na mtu wa kuwalipia mara ya pili. Kama moyo wako uko kwenye udaktari, mwambie baba yako sasa hivi, maana kiwanja hakiuzwi mara mbili, na wodi zetu zina wauguzi wa kutosha wanaomtazama kila daktari kama mtu aliyewaibia kiti.

Ukishalala usiku huo, niandikie asubuhi kabla hujapumzika, uniambie umeona nini. Kituoni kwetu nafasi ya staji ipo kwa anayejua kugawanya 36 kwa 10 huku mtu anampigia kelele.