Wittgenstein alizaliwa na mikono miwili

Wapo wanaodhani Paul Wittgenstein, mpiga piano aliyejulikana kwa kupiga kwa mkono wa kushoto peke yake, alizaliwa na mkono mmoja. Hapana. Paul Wittgenstein alipiga piano kwa mikono miwili katika onyesho lake la kwanza mjini Vienna mwaka 1913. Wa kulia ulimponyoka mwaka uliofuata, vitani: risasi ya kiwiko, akatekwa na Warusi, mkono ukakatwa, akapelekwa kambi ya mateka huko Omsk, Siberia. Mazoezi ya mkono wa kushoto peke yake aliyaanzia hukohuko utekani.

Ile konseto (muziki wa mpiga ala mmoja akisindikizwa na okestra) ya mkono wa kushoto, ya mtunzi Mfaransa Ravel, ni kweli aliiagiza yeye na kuilipia. Hela hazikumpiga chenga, baba yake alikuwa tajiri wa chuma (na ndiyo, yule mwanafalsafa Ludwig ni mdogo wake). Aliizindua Vienna, Januari 1932, ila akabadilisha sehemu kadhaa bila ruhusa, Ravel akawaka. Mtunzi Mrusi Prokofiev naye alimwandikia konseto. Hiyo hakuipiga hata siku moja. Jeuri ya mwenye pesa, kwa kweli.

Ukipiga piano kwa mkono wa kushoto peke yake utaona ujanja ulivyo: kidole gumba ndicho kinachobeba wimbo juu, vile vinne vinashughulikia besi, na pedali inashikilia noti mkono ukihama. Ukifumba macho unaweza kuapa ni watu wawili.

Ila Wittgenstein asiitwe wa kwanza kupiga kwa mkono mmoja. Géza Zichy wa Hungaria, naye bila mkono wa kulia, alishatembea Ulaya akipiga piano karne ya 19.