Jibu: Wahakiki wanasifu, watazamaji wananung'unika, nimwamini nani?

Habari ndugu. Umekwama kwa kuwa wahakiki wengi waliisifu A Doll's House, tamthilia ya Henrik Ibsen, ilivyoigizwa Broadway, New York (2023), huku baadhi ya watazamaji wakilalamika. Kwanza angalia lalamiko linahusu nini: tamthilia yenyewe au namna ilivyoigizwa? Mwongozaji Jamie Lloyd aliiondoa sebule yote aliyoiandika Ibsen. Vikabaki viti, nguo za rangi nzito na jukwaa linalozunguka, tena bila mapumziko. Mhakiki aliyekwisha kuwaona waigizaji wengi wa Nora, mhusika mkuu, huburudika na utupu huo. Anayeuona mchezo mara ya kwanza huona ametapeliwa, na simlaumu.

Kisha tazama tarehe. Maoni ya maonyesho ya awali, kabla ya uzinduzi, yapunguzie uzito. Mwongozaji huwa bado anarekebisha. Na lalamiko la "Sikuona vizuri" mara nyingi ni shida ya kiti.